Kutu ya Kununua

Nganya mpya ikitoka gereji Nairobi, watu wanataka ing'ae. Rangi, taa, spika, sura ya msanii ubavuni, kila kitu kiseme kwamba hili gari halijawahi kuona tope. Mwenye gari analipa pesa ndefu ili bati lisionyeshe umri wake. Sasa kuna watu wengine, wengi wao Uingereza na Marekani, wanaofanya kinyume kabisa. Wananunua injini ndogo ya treni, mpya, ya zaidi ya paundi 100, imelazwa vizuri kwenye sanduku lake. Wanaifungua kwa bisibisi, wanakata kipande cha paa kwa msumeno mwembamba, halafu wanaipaka kutu. Kutu yenyewe wamenunua dukani, poda kwenye kichupa.

Nimewafuatilia kwa muda sasa, picha kwa picha na video kwa video, na marafiki zangu wameshazoea kuniuliza, "Wewe bado uko na hizo treni za watoto?" Si za watoto. Kuna maamuzi ndani yake: nini kiongezwe, nini kiondolewe, nini kionekane na nini kifichwe. Palipo na maamuzi ya aina hiyo kuna sanaa, na sanaa inastahili mtu akae nayo, aisifu inapostahili, aigombeze inapokwepa jambo. Nitafanya hivyo kwa injini moja tu, kwa sababu hiyo moja inatosha.

Kwanza tuelewane kuhusu geji. Geji ni upana kati ya reli mbili. Upana uliozoeleka duniani ni milimita 1,435, ndio wa SGR yetu. Chini ya hapo tunaita geji nyembamba. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa hadi Uganda ni ya mita moja, kwa hivyo hata sisi tumelelewa na geji nyembamba. Lakini wenye modeli wakitaja geji nyembamba, mara nyingi wanamaanisha kitu kidogo zaidi: reli za milimita 600 hivi, za machimbo ya mawe, za mashamba ya miwa, za vijiji vya milimani ambako hakuna aliyekuwa na pesa ya kutandika reli kubwa. Reli hizi zilipendwa na mabwana wa pesa kwa sababu moja tu, urahisi. Zinakata kona kali, zinatandikwa haraka, na kazi ikiisha zinang'olewa.

Injini yenyewe ni Baldwin 10-12-D. Mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilihitaji injini za mvuke kwa reli za milimita 600 nyuma ya uwanja wa vita Ufaransa. Viwanda vya nyumbani, kama Hunslet ya Leeds, vilikuwa vimelemewa na kazi. Oda ikavuka bahari hadi Philadelphia, kwa kampuni ya Baldwin, nayo ikatoa injini 495 kati ya 1916 na 1917. Ilikuwa mashine ya kazi, haikuundwa ipendeze: magurudumu manne madogo ya kuongoza mbele, sita ya kuvuta, matangi ya maji ubavuni, kibanda cha dereva kama choo cha mabati. Ilisemekana ni nzito juu, na kwenye reli mbovu, bana, inapinduka.

Vita vikaisha, na ghafla injini hizi zikawa chuma cha bei rahisi kinachotafuta mnunuzi. Moja ikaenda Wales ikawa namba 590 ya Welsh Highland Railway. Zingine zikaenda Derbyshire, kubeba mawe ya chokaa kwenye Ashover Light Railway iliyofunguliwa 1925. Nyingi zikaenda India, zikavuta miwa. Kwa hivyo mtu mwenye modeli moja ya Baldwin mkononi ana maisha kadhaa ya kuchagua. Akiikata hivi, ni ya vita. Akiikata vile, ni ya Wales. Ndiyo maana nimeichagua: ukibadilisha modeli hii unachagua sehemu ya historia, upende usipende.

Sasa ufundi. Kwa miaka mingi aliyetaka injini ya geji nyembamba ya kipimo hiki ilibidi ajitengenezee. Alichukua chesisi ya treni ndogo ya geji ya milimita 9, iliyoundwa kwa kipimo kingine kabisa, akavua bodi yake, akaweka juu bodi mpya ya madini laini au ya shaba aliyoilehemu mwenyewe. Mota ya treni kubwa iliyopunguzwa sana ikawa moyo wa treni ndogo iliyopunguzwa kidogo. Kampuni ya Egger-Bahn ya Ujerumani ilianza kuuza treni za namna hii zikiwa tayari mwaka 1963, lakini utamaduni wa kukatakata na kuunganisha haukufa. Mfumo huo Waingereza wanauita 009: kipimo cha 1 kwa 76, reli za milimita 9. Siku hizi Bachmann wanauza Baldwin ya 009 ikiwa kamili, na anayeibadilisha anaagiza kibanda kilichochapishwa kwa printa ya 3D, kengele ya shaba, namba za chuma nyembamba kama karatasi, dereva wa kupaka rangi mwenyewe.

Hapa kuna kichekesho ambacho wenyewe wanakijua na wanakivumilia. Piga hesabu. Milimita 9 mara 76.2 ni karibu milimita 686. Baldwin ya kweli ilitembea kwenye milimita 600. Kumbe reli ya modeli ni pana kuliko inavyotakiwa kwa asilimia 14 hivi. Jamaa anaweza kukesha akihesabu ribiti za tangi, akilalamika kwamba kiwanda kimeweka moja zaidi, na chini ya tangi hilo hilo magurudumu yameachana kupita kiasi. Mtu wa nje atacheka. Mimi sicheki. Kila sanaa ina uongo wake wa msingi ambao watazamaji wamekubali kuupuuza. Kwenye jukwaa la maigizo chumba kina kuta tatu, na hakuna anayesimama kuuliza ya nne iko wapi. Hilo la milimita 9 ni ukuta wao wa nne. Ila ukishajua kwamba usahihi wao una mpaka uliochaguliwa, una haki ya kuuliza mipaka mingine waliichagua vipi.

Tuanze na kazi nzuri, na iko ya kutosha. Namba 590 ya Wales ndiyo Baldwin ninayopenda kuiona ikibadilishwa, na sababu yake ni tamu. Injini ya kweli nayo ilikatwa. Welsh Highland ilipotaka 590 ipite pia kwenye reli jirani ya Ffestiniog, ambako nafasi ya juu na ya pembeni ni finyu, mafundi waliishusha kibanda na vitu vya juu ya boila. Yaani watu wa Wales, wakiwa na injini ya Marekani iliyoundwa kwa vita vya Ufaransa, walichukua msumeno. Anayekata modeli yake leo kwenye meza ya jikoni anarudia kwa mikono yake kile ambacho fundi alifanya kwa chuma halisi. Anaiga kitendo kizima, umbo likiwemo ndani yake.

Na hapo ndipo unamtambua fundi mzuri. Fundi wa kawaida akishusha kibanda anajaza mpasuko kwa putty, anasugua mpaka hakuna alama, anapuliza rangi, kazi imekwisha: kibanda kinaonekana kama kilizaliwa kifupi. Fundi mzuri anaacha ushahidi. Anaweka ukanda mwembamba wa bati mahali vipande vilipokutana, ribiti zake zikiwa hazijapangana sawasawa na zile za kiwanda. Rangi ya kiraka imezeeka kwa namna tofauti na rangi iliyokizunguka. Ukiangalia unajua: hapa kulikuwa na mtu, alikuwa na haraka, alikuwa na vifaa vichache, na injini ilirudi kazini Jumatatu. Kazi ya namna hiyo inasimulia bila kibao cha maelezo. Mungu wangu, kwenye kitu kinachoenea kiganjani!

Kuchakaza nako kuna wazuri na wabaya. Wabaya wanapaka uchafu kama unga wa chapati, kila mahali sawa. Wazuri wanajua kwamba uchafu una chanzo. Masizi yanatoka kwenye dohani na kurudi nyuma kufuata upepo wa mwendo. Chumvi nyeupe ya maji magumu inateremka kutoka mahali mvuke unapovuja. Mafuta yanajikusanya karibu na fito zinazozungusha magurudumu. Na ngazi ya kibanda ina sehemu moja iliyosuguliwa mpaka chuma kinang'aa, kwa sababu hapo ndipo buti limekanyaga kila siku. Nikiona ngazi iliyosuguliwa hivyo natulia. Ni alama ndogo kuliko zote, na ndiyo pekee iliyoachwa na mtu moja kwa moja.

Tatizo langu linaanzia hapo hapo kwenye ngazi. Katika modeli nyingi nilizoziona, hiyo ndiyo dalili pekee ya mtu. Sanaa hii imebobea kuonyesha kilichoupata mwili wa chuma, lakini aliyekuwa karibu na chuma hicho imemsahau. Kutu ina wasifu kamili. Mchochea moto ni mwanasesere wa plastiki, kama amewekwa, na koleo lake halijawahi kuwa na makaa.

Chukua Baldwin ya vita. Hii inapendwa sana: rangi nyeusi au kijivu isiyong'aa, matope hadi kiunoni, behewa za makombora nyuma. Tope linapakwa kwa ustadi wa kutisha. Lakini usiku wa kweli wa reli zile ulikuwa hivi: makombora yanapelekwa mbele gizani, majeruhi wanarudishwa nyuma kwa mabehewa yale yale. Karibu na adui injini za mvuke hazikutumika, kwa sababu moshi ulionekana mchana na moto ulionekana usiku, kwa hivyo trekta ndogo za petroli zilipokea mzigo. Na kazi ya mikono nyuma ya majeshi ilijaa watu kutoka mbali, wakiwemo Wachina wa Chinese Labour Corps na Waafrika wa South African Native Labour Corps, wakipakua meli, wakikata miti, wakichimba mawe, wakitengeneza barabara na reli. Kwenye modeli reli imejilaza yenyewe. Kokoto zimemwagwa kwa kijiko na kugandishwa kwa gundi, nadhifu, hakuna aliyeinama.

Mtu wa Nairobi hawezi kuangalia picha hiyo kwa utulivu. Vita hivyo hivyo vilipiganwa huku kwetu, na huku hakukuwa na Baldwin 495. Mizigo ya jeshi, mara ikiacha reli kubwa, ilibebwa kichwani na mgongoni. Wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi, na kilichobaki ni jina la mtaa: Kariakor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam. Ukiweka picha hizo mbili kando kwa kando unaielewa ile injini ndogo upya. Ufaransa jeshi lilinunua mashine ya kubeba mzigo. Afrika Mashariki lilichukua watu. Baldwin ni mpagazi aliyepewa namba ya usajili na sasa ana wapenzi wanaohesabu ribiti zake. Wapagazi wetu wengi hata makaburi yao hayajulikani.

Najua jibu. "Bana, ni hobi tu. Mtu ametoka kazini amechoka, anataka kukata plastiki yake kwa amani, wewe unamletea Kariakor." Sawa. Lakini ni wao wenyewe walioweka kipimo. Wao ndio wanaosema kila alama iwe na sababu, kila kiraka kiwe na historia. Anayedai ukweli kwenye kifuniko cha tangi ameshaondoka kwenye mchezo. Mimi namfuata tu mpaka mwisho wa njia aliyoianza.

Angalia majina pia. Baldwin za Ashover ziliitwa Peggy, Joan, Hummy, Guy, Bridget: watoto wa mkuu wa kampuni. Mwenye modeli anaagiza kibao cha jina kilichochongwa kwa asidi, herufi zake hazifiki milimita moja, anakigandisha kwa mkono usiotetemeka. Ni kazi ya kuvutia. Lakini jiulize ni jina la nani limepewa uangalifu huo. Dereva aliyeamka alfajiri kuwasha moto kwenye Peggy hana kibao. Na kabla hatujawacheka Waingereza, nenda Nairobi Railway Museum usimame mbele ya namba 5918. Ni Garratt ya daraja la 59, moja kati ya 34 zilizojengwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye geji ya mita moja. Jina lake ni Mount Gelai. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mlima hauchochei moto.

Sasa India, ambako lawama yangu ni nzito zaidi. Baldwin zilizokwenda huko zilifanya kazi muda mrefu kuliko dada zao wa Ulaya. Namba 590 ya Wales ilikatwa ikawa chuma chakavu wakati wa Vita vya Pili, wakati zile za India ziliendelea kuvuta kwa miongo. Vita kwa maisha yao vilikuwa kama field attachment: miaka miwili mitatu mwanzoni, kisha kazi ya kweli ikaanza. Lakini modeli ya Baldwin ya India nimeiona mara chache mno, na hata nilipoiona imewekwa kama kituko, rangi kali na ndizi za plastiki pembeni. Kila mtu anataka ile miaka michache ya matope ya Ufaransa.

Hata chuma halisi kimefanyiwa hivyo. Namba 778 ilirudishwa Uingereza kutoka India, ikatembea tena kwa mvuke Leighton Buzzard. Imetengenezwa upya ifanane na ilivyokuwa jeshini. Waliofanya kazi hiyo ni watu wa kujitolea na sitawadharau. Bila wao ingeoza. Lakini fikiria maana yake. Miongo ya mafundi wa Kihindi, viraka vyao, vipuri walivyobuni kwa sababu Philadelphia ilikuwa mbali, yote yamesuguliwa ili kupata miaka mitatu ya mwanzo. Ni ile putty ya fundi wa kawaida, kwa ukubwa wa 1 kwa 1. Na modeli inayoiga 778 ilivyo leo inarithi kusahau huko ikidhani inarithi usahihi.

Ningependa kuona nini? Baldwin ya kiwanda cha sukari, iliyofanywa kwa uangalifu ule ule wa 590. Bomba lililobadilishwa na lingine lisilofanana. Paa la ziada la mabati, kwa sababu aliyekaa ndani aliunguzwa na jua na akalalamika mpaka akasikilizwa. Kitambaa cha kushikia mpini wa moto kimefungwa pale mkono unapofika. Kipande cha mbao kilichokaliwa mpaka kikachukua umbo. Vitu hivi havihitaji mwanasesere hata mmoja. Ukiviona unajua urefu wa mkono wa mtu, unajua alikuwa anaona joto, unajua alikaa pale miaka.

Na kama kuna fundi wa modeli Kenya anayesoma hii, nina pendekezo gumu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa cha Mombasa kilikuwa na reli ya futi mbili, karibu upana ule ule wa Baldwin. Juu yake vilitembea vigari vyenye viti na kipaa cha kivuli, abiria wamekaa juu, na nyuma wanaume wawili wakisukuma kwa miguu yao. Hakukuwa na injini. Hiyo ndiyo geji nyembamba ngumu kuliko zote kuitengenezea modeli, kwa sababu hakuna dohani ya kupaka masizi wala boila ya kuhesabia ribiti. Poda za dukani hazitasaidia sana. Ukitaka reli hiyo iwe na ukweli wowote, lazima uanze na wale wawili: wanavyoinama, mguu upi uko mbele, kamba ya jasho imepita wapi mgongoni.